Sauti Chini ya Kiti Changu

Injini ya lori letu imekaa chini ya kiti cha abiria, na kiti cha abiria ni changu. Miaka kumi na tisa nimeikalia injini ile kila Jumanne na Ijumaa, kutoka sokoni Jeongseon hadi vijiji vya juu milimani, ambako basi hupita mara tatu kwa siku na duka la mwisho lilifungwa siku mwenyewe alipozikwa. Mume wangu anaendesha, mimi nauza. Tunabeba tofu, samaki wa chumvi, mayai, betri, soksi, dawa ya mbu, na chochote ambacho bibi fulani aliagiza wiki iliyopita. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba siijui injini ile, mimi humuuliza: wewe umeikalia mara ngapi?

Mlio ulianza mwezi wa nne. Mwanzoni ulikuwa mdogo, kama mtu anayesaga nafaka kavu nyumba ya tatu. Mume wangu akikanyaga mafuta, unapanda. Akiachia, unashuka.

"Baba Darae," nikamwambia siku ile ile, "kuna kitu kinalia humu."

"Kitu gani? Mbona mimi sisikii?"

Angesikia wapi? Alichimba makaa ya mawe miaka kumi na minne kabla migodi haijafungwa, na baruti zilimwachia sikio moja na nusu.

Mimi masikio yangu yalisomea kwingine. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilipelekwa Daegu kwenye kiwanda cha nyuzi. Safu yangu ilikuwa na pia za kusokotea uzi mia mbili na arobaini, zote zinazunguka kwa wakati mmoja, na kelele yake ukiingia mara ya kwanza unadhani paa linashuka. Lakini ukikaa mwaka mmoja, unaanza kutenganisha sauti. Beringi inayotaka kufa husema wiki nzima kabla uzi haujakatika. Msimamizi wetu, mtu mwenye vyeti vyake, alikuwa akija kwenye safu na kuniita: "Wewe msichana wa Jeongseon, ni ipi leo?" Namwonyesha kwa kidole, fundi anaifungua, ndiyo hiyo hiyo.

Basi mlio wa lori niliujua. Ilikuwa beringi, na ilikuwa mbele, karibu na feni.

Tukalipeleka kwa Fundi Pyo, mwenye gereji karibu na daraja. Akasema belti imechoka, akaweka mpya. Mlio ukabaki. Mwezi wa sita tukarudi, akasema ni alteneta, akaweka nyingine. Mlio ukabaki, tena ukanenepa. Mara ya tatu alipangusa mikono, akamvuta mume wangu pembeni kama daktari anavyowavuta jamaa wa mgonjwa.

"Kaka Sang-gu, nikwambie ukweli. Injini hii imekwisha. Uza tu. Kuna watu wananunua malori makuukuu wanayapandisha meli."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. "Fundi," nikasema, "ni pampu ya maji."

Akanitazama, akatabasamu. "Mama, wewe hesabu mayai. Vyuma tuachie sisi."

Wakacheka. Fundi Pyo kucheka si kitu, ile ni gereji yake. Lakini mume wangu naye alicheka, na cheko lile nilirudi nalo nyumbani nikalala nalo.

Jumanne iliyofuata, mwishoni mwa mwezi wa saba, mvua za kiangazi zilipumzika siku moja na sisi tukapanda kwenda Norugol. Ni kijiji cha nyumba kumi na moja, na saba kati ya hizo zina bibi mmoja mmoja. Kwenye kona ya pili ya mlima ule mlio uligeuka. Haukuwa tena wa kusaga. Ulikuwa wa kunguruma, na ndani yake kulikuwa na chuma kinachogonga chuma.

"Sasa nasikia hata mimi," akasema mume wangu.

Hapo nikajua tuko pabaya. Nikatazama mshale wa joto. Ulikuwa umeanza kupanda.

"Usizime hapa kwenye mteremko. Fika pale kwenye jumba la wazee ndiyo uzime."

Tukafika pale wazee wa kijiji wanapokutana. Alipozima tu, mvuke mwembamba ukatoka chini ya kiti changu, na harufu tamu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, ikajaa ndani. Nje bibi wawili walikuwa wameshatoka na vikapu vyao. Mmoja ni Bibi Yeongwol, mwingine Bibi Jecheon. Kila mmoja anaitwa kwa mji aliozaliwa, na majina yao halisi nadhani wanayajua watu wa posta tu.

"Mama Darae!" akaita Bibi Yeongwol, aliye na miaka themanini na minane na mdomo wa miaka ishirini. "Mbona unafuka moshi? Mumeo amekuudhi tena?"

"Si mimi, Bibi. Ni lori."

"Mnafanana."

Mume wangu alishuka, akazunguka lori mara moja, akatoa simu. Nilimsikia akisema, "Fundi, ulisema kweli. Imenifia Norugol." Uso wake ulikuwa umeanguka. Lori lile ndilo lililomtoa nyumbani baada ya mgodi kufungwa, alipokaa miaka miwili akiangalia ukuta. Nilielewa alichokuwa anakizika pale. Lakini maiti yenyewe ilikuwa bado inapumua.

Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Fundi Pyo, ni mimi, Mama Darae. Usije."

"Mama, gari likichemka—"

"Halijachemka. Tumelizima mapema. Usije, nakwambia. Nikikuhitaji nitakupigia mwenyewe." Nikakata.

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeona kuku akiendesha baiskeli. "Umefanya nini?"

"Nipe nusu saa lipoe. Nikikosea, mpigie, na mimi nitaenda mpaka gerejini kumwomba radhi mbele ya watu."

"Mama Darae, wewe si fundi."

"Na wewe si kiziwi. Njoo nikuonyeshe."

Injini ilipopoa kidogo tukainua kiti. Nikamwambia mume wangu aiwashe kwa muda mfupi tu. Nikachukua bisibisi ndefu kwenye sanduku lake la vifaa, nikaweka ncha yake kwenye alteneta na mpini sikioni. Ikaimba vizuri, laini, kitu kipya. Nikaihamishia kwenye mwili wa pampu. Mungu wangu! Ilikuwa kama mawe ndani ya sufuria. Nikaishika bisibisi pale pale, nikauchukua mkono wa mume wangu, nikakibandika kiganja chake juu ya mpini.

"Unasikia nini?"

Alikaza kiganja. "Mchanga," akasema. "Kuna mchanga unasagwa." Nikarudisha ncha kwenye alteneta, mkono wake bado juu. "Hapa hakuna." Nikamrudisha kwenye pampu. Uso wake ukabadilika. "Hapa upo."

"Zima."

Sikutaka kumshinda kwa jaribio moja. Tukalegeza alteneta, tukazitoa belti zote mbili, tukaiwasha tena kwa sekunde chache, maana bila belti maji hayazunguki na huwezi kuiacha iendelee. Kimya. Injini yenyewe, ile iliyosemwa kwamba imekwisha, ilinguruma kama paka aliyeshiba. Bibi Jecheon, ambaye huwa hasemi sana, akasema, "Sasa imetulia. Si imepona?"

"Haijapona, Bibi. Imefumbwa mdomo."

Nikazungusha puli ya alteneta kwa mkono: laini. Nikashika mapanga ya feni, ambayo yamefungwa kwenye mhimili wa pampu, nikayasukuma mbele na nyuma. Yalicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kisha nikalala kwenye gunia chini ya lori na tochi. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Kazi yake ni kutoa machozi pampu inapoharibika, ili mwenye gari ajue. Kilikuwa kimelia mpaka kimeacha ukoko wa kijani na mweupe kama chumvi.

"Ingia uone," nikamwambia.

Akaingia, akalala kando yangu. Tulikaa pale chini, vichwa vikigusana, tukitazama kitundu kile.

"Alikuwa chini ya gari mara tatu," akasema taratibu. "Mara tatu, Mama Darae."

"Na wewe ulicheka mara moja."

Alikigusa kitundu kwa kidole. Akasema, "Ilikuwa mbaya." Mtu wa kwetu akisema hivyo, na tena akiwa amelala chali kwenye tope, usimdai zaidi.

Nikampigia Byeon, mwenye duka la vipuri mjini. Nilimsomea namba ya injini na mwaka, maana kitabu cha lori nimekisoma nikisubiri wateja kama wengine wanavyosoma habari za ndoa za watu. Byeon alikuwa nayo pampu, na gasketi yake ya kuzuia uvujaji, na makopo mawili ya kulanti. Akaviweka kwenye basi la saa saba na dakika ishirini, akamkabidhi dereva. Wakati tukisubiri, nilifungua pazia la nyuma nikaendelea kuuza tofu, kwa sababu tofu haijui habari za pampu.

Bibi wakatutengenezea supu ya madonge ya viazi. Mume wangu wakampa na kibakuli cha pombe ya mchele.

"Kidogo tu," nikasema. "Ana kazi."

"Kazi gani? Si fundi ni wewe?" akauliza Bibi Yeongwol. "Miaka yote hii mimi nilidhani wewe unakalia kiti tu. Kumbe makalio yako yalikuwa yanasoma!"

Walicheka mpaka Bibi Jecheon akajifuta macho kwa aproni. Mume wangu naye alicheka, na safari hii cheko lile halikuniuma.

Tulimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, na nikamwomba Bibi Jecheon amfunge mbwa wake, kwa kuwa kulanti ni tamu na inaua. Kisha tukatoa kinga ya feni, feni yenyewe, na puli. Bolti za pampu hazilingani urefu, na ukizichanganya umekwisha. Nikachukua kifuniko cheupe cha boksi la samaki, nikachora juu yake umbo la pampu, na kila bolti niliyotoa nikaichomeka mahali pake kwenye mchoro. Kifuniko kilinuka samaki, lakini hakikusahau kitu.

Bolti ya mwisho, ile ya chini kabisa, ilikataa.

Mume wangu akaleta bomba refu. "Tuweke hili kwenye spana, nivute mara moja."

"Ukivuta itakatika, na ikikatika humo ndani, hapo ndipo tutamhitaji Fundi Pyo kweli."

Nikaipaka mafuta, nikaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu, nikasubiri, nikagonga tena. Jasho lilikuwa likinitiririka machoni. Nikijaribu kufungua, inakaa kama imeoteshwa pale.

Bibi Yeongwol alikuwa amevuta kiti cha plastiki karibu kabisa. "Unaisukuma upande mmoja tu," akasema. "Kitu kikaidi ni kama mume. Kwanza mkubalie, halafu ndiyo umgeuze."

Nikamtazama. Halafu nikaigeuza spana, nikaikaza bolti, unywele mmoja tu, upande usiotakiwa. Ikatoa mlio mkavu, tak! Nikarudisha upande wa kufungua. Ikaja.

"Miaka arobaini na sita ya ndoa," akasema Bibi Yeongwol akiwaangalia wote. "Mwalimu wenu ni mimi."

Pampu ikatoka na vipande vya gasketi ya zamani vikabaki vimeng'ang'ania kwenye injini. Hapo ndipo nilipomwachia mume wangu. Mimi nina haraka ya mikono. Yeye ana subira ya mtu aliyechimba makaa akiwa amelala ubavu. Alikwangua pale kwa wembe mpana karibu saa nzima, akipapasa kwa ncha ya kidole, akirudia, akipulizia, akipangusa kwa kitambaa, bila kuacha mkwaruzo mmoja. Wakati huo nilizungusha pampu ya zamani mkononi karibu na sikio la Bibi Jecheon. Krrr, krrr.

"Magoti yangu yanafanya hivyo hivyo," akasema.

Basi lilikuwa limeshaleta pampu mpya, nami nikaiweka kando ya ile kuukuu, nikalinganisha kila tundu, urefu wa mhimili, upana wa mdomo. Zililingana. Tukaweka gasketi kavu na safi, tukarudisha bolti kutoka kwenye kifuniko cha samaki, moja moja mahali pake, tukizikaza kwa zamu, hii kidogo na ile ya upande wa pili kidogo, ili pampu ikae sawa. Puli, feni, kinga, belti. Belti nikaibonyeza kwa dole gumba: iingie kidogo tu.

Makopo mawili ya Byeon hayakutosha. Zilipungua kama lita mbili.

"Maji ya chemchemi yetu," akasema Bibi Jecheon, na akainuka kwa fahari. "Watu wanatoka Seoul kuja kuyanywa."

"Bibi, nisamehe. Maji yenu yana mawe ndani yake. Tumboni yanafaa, lakini kwenye injini yanaacha ukoko."

Alikasirika kweli. Ukiyasema vibaya maji ya mtu wa Norugol, ni kama umemtukana mama yake. Alisimama akiangalia bonde, mikono nyuma. Mume wangu ndiye aliyetuokoa. Aliingia kwenye jumba la wazee kunawa mikono, akatoka amebeba tangi la ile mashine inayokausha unyevu, ambayo kiangazi kizima inavuta maji hewani usiku na mchana.

"Haya hayajagusa jiwe lolote," akasema. "Yanafaa?"

Nikachovya kidole, nikayatazama. Yalikuwa safi kama machozi. "Yanafaa."

"Basi ni maji ya Norugol pia," akasema Bibi Jecheon bila kugeuka. "Hewa ni yetu." Tukakubaliana naye haraka.

Tukajaza polepole, tukawasha injini na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, kipasha joto kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho ili hewa itoke kwenye mabomba. Mwishoni mwa mwezi wa saba, fikiria, mimi na mume wangu tumekaa ndani ya lori na upepo wa moto usoni, tunaogelea katika jasho, tunatazama mshale. Ulipanda mpaka katikati ukakaa. Nikashuka, nikaongeza maji pale yaliposhuka, nikafunga kifuniko, nikalala tena chini na tochi. Chini palikuwa pakavu.

"Kanyaga mafuta!" nikapiga kelele.

Akakanyaga. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda. Hakukuwa na kusaga wala chuma kugonga chuma. Nilibaki pale chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijifuta macho kwa mkono wa blauzi, maana bibi wawili wenye midomo kama ile hawapaswi kumwona mtu akiwa hivyo.

Tulipoondoka Norugol jua lilikuwa bado juu ya kilima, na kulikuwa na vijiji viwili vinatungoja. Tulifika vyote. Katika kila kimoja mume wangu alishuka kabla yangu, na kabla hata ya kuuliza nani anataka mayai, alikuwa ameshaanza: "Leo mke wangu amefungua injini! Yeye amefungua, mimi nimekwangua. Kukwangua si kazi ndogo, msidhani." Katika kijiji cha mwisho mzee mmoja aliniomba nikamsikilizie trekta lake dogo la kulimia. Nikamwambia Ijumaa.

Simu ya Fundi Pyo ilikuja tukiwa njiani kurudi. Mume wangu akaweka sauti ya nje.

"Vipi, kaka? Nilete gari la kuvuta?"

"Hapana. Tunateremka wenyewe."

"Mnateremka? Na ule mlio?"

"Ilikuwa pampu ya maji," akasema mume wangu. Kisha akaongeza kwa upole, kwa maana yeye si mtu wa kumkomoa mwenzake, "Siku ukiwa na gari usiloelewa, Fundi, mpigie Mama Darae. Usione haya. Mimi nimekaa naye miaka thelathini na nane ndiyo nimejua leo."

Fundi Pyo akacheka, cheko fupi la mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Mwambie Mama aje achukue pesa ya ile alteneta," akasema. "Nitairudisha."

"Nitakuja," nikasema.

Tuliteremka mlima madirisha yakiwa wazi. Hewa ilinuka majani yaliyolowa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne niliweza kusikia mto, na ndege, na mayai yakigongana taratibu kwenye trei zake. Nikaegemea kiti. Kisha, tulipoingia kona ya kushoto, nikasikia kitu kingine, nyuma, upande wa gurudumu la kulia. Kidogo sana. Kama mtu anayekuna.

Nikamgeukia mume wangu.

Alikuwa ameshaniona usoni. "Usiniambie," akasema.

"Sikwambii leo."

"Ahsante."

"Kesho asubuhi, ukishakula."

Akatikisa kichwa, akabadilisha gia, tukaendelea kushuka.